Rimoti Kwanza, Helikopta Baadaye

Vijana wanaonijia kuuliza habari za helikopta za rimoti huanza na bei ya helikopta. Mimi huwarudisha nyuma kidogo. Nawauliza kama nyumbani kuna kompyuta inayowaka, hata ikiwa kuukuu, na kama wanamfahamu mtu mwenye rimoti aliyoisahau kabatini. Vitu hivyo viwili, na waya mfupi wa kuviunganisha, ni shule ya kumtosha mwanafunzi mwaka mzima. Helikopta yenyewe inaweza kungoja. Ikianguka mara ya kwanza huvunja mapanga, mhimili na bomba la mkia kwa mpigo mmoja, na hapa Nairobi vipuri hivyo aghalabu huagizwa ng'ambo na kusubiriwa. Nimewaona waliokata tamaa siku hiyo hiyo, wakaifungia helikopta ndani ya boksi na wasiiguse tena. Walikuwa na vipaji. Ndiyo maana nalichukulia jambo hili kwa uzito, na ndiyo maana naandika juu ya hatua ambayo wengi huiruka: kuiandaa rimoti ili iifikishie simuleta, yaani programu ya kompyuta inayoiga helikopta, kile ambacho vidole vimesema, bila kuongeza wala kupunguza.

Mimi ni fundi wa redio na simu. Kibanda changu kiko ghorofani, katika jengo moja karibu na barabara ya Luthuli, katikati ya jiji, na jioni hurudi Kangemi nilikozaliwa. Luthuli ni barabara ya sauti. Spika zimepangwa hadi mlangoni, na kila duka lina muziki wake. Tangu ilipopangwa upya mwaka 2019, magari hupita upande mmoja tu na wenye miguu wamepata nafasi ya kusimama na kuuliza bei bila kusukumwa. Ukitaka plagi, kapasita au waya wa mita, utaipata pale, na usipoipata utaelekezwa River Road.

Kangemi nayo iko chini ya njia ya helikopta. Zikitoka uwanja wa ndege wa Wilson kuelekea Bonde la Ufa, nyingine hupita juu ya mabati yetu, na utotoni tulizitambua kwa mlio kabla ya kuziona. Uwanja ule una jina la Florence Kerr Wilson, mwanamke aliyeanzisha kampuni ya Wilson Airways mwaka 1929, ingawa uwanja wenyewe ulibandikwa jina hilo mwaka 1962. Sisi watoto hatukuyajua hayo. Tulijua tu kwamba mlio ule ulikuwa wa watu wengine, watu wa mbali na sisi, na hakuna aliyewahi kutuambia kwamba kanuni zinazoiweka helikopta hewani zinaweza kusomewa mezani.

Rimoti niliyoanza nayo ilitoka Lavington. Mhandisi mmoja wa kigeni alikuwa amemaliza mkataba wake, akawa anauza vitu vya nyumba kabla ya kusafiri, na katikati ya sufuria na vitabu palikuwa na FlySky FS-i6: rimoti ya chaneli sita, masafa ya gigahezi 2.4, inayokula betri nne ndogo za AA. Si ya kifahari, lakini ni mashine ya kweli. Alikuwa akirushia helikopta yake, na helikopta hiyo alikuwa amekwisha kumwuzia mtu mwingine. Rimoti ilibaki peke yake, bila waya wa kuiunganisha na kompyuta.

Nyuma yake kuna tundu la duara lenye nafasi ya pini nne, la aina ile ile ya S-video iliyokuwa kwenye televisheni na deki za zamani. Niliipeleka Luthuli, na mwenye duka la vipuri akaigeuza mara kadhaa mbele ya taa.

"Fundi, waya yake hapa hupati. Lakini plagi za S-video ninazo mfuko mzima. Siku hizi nani anazinunua?"

Akanichagulia moja safi. Nililehemu waya mbili tu, mmoja wa ishara na mmoja wa ardhi, na kabla ya kuifikia kompyuta nikaiunganisha kwanza na spika ndogo ninayotumia kupimia redio. Spika ikanguruma kwa sauti nyembamba isiyokatika. Nikasukuma kijiti cha kushoto, na mngurumo ukabadilika. Mpwa wangu, aliyekuwa amekuja kunisaidia kibandani wakati wa likizo, akaacha alichokuwa akifanya.

"Mjomba, inaongea!"

Naam, inaongea, na lugha yake si ngumu. Rimoti hutuma mapigo mafupi ya umeme yakifuatana. Nafasi kati ya pigo na pigo ndiyo habari yenyewe. Kijiti kikiwa mwisho mmoja, nafasi hiyo ni kama milisekunde moja. Kikiwa mwisho wa pili, ni kama milisekunde mbili. Kikiwa katikati, moja na nusu. Nafasi ya kwanza ni chaneli ya kwanza, ya pili ni ya pili, hadi zimalizike. Kisha kuna kimya kirefu kidogo, na kimya hicho ndicho kinachomwambia msikilizaji kwamba sasa aanze kuhesabu upya. Msururu mzima hurudiwa karibu mara 50 kwa sekunde. Nilimchorea mpwa wangu mapigo hayo kwenye karatasi ya risiti, naye akauliza swali la maana: kama chaneli hazina majina, kompyuta itajuaje ipi ni ya mkia? Haijui. Inajua nambari tu. Majina tunayapa sisi, na tukiyapa vibaya mashine itatii vibaya.

Kuna njia mbili za kuuingiza msururu huo kwenye kompyuta bila kununua waya maalumu. Ya kwanza ni tundu la maikrofoni. Programu ya bure iitwayo SmartPropoPlus husikiliza mapigo kupitia kadi ya sauti na kuyageuza kuwa joistiki. Ilifanya kazi kwangu, ila laptopu yangu, ya ex-UK, yaani mtumba kutoka Uingereza, kama zilivyo nyingi za Moi Avenue, ilikuwa na mtindo wa kuisafisha sauti ya maikrofoni ili maongezi yasikike vizuri, na usafishaji huo uliyala mapigo. Anayetumia njia hii azime kila kitu kinachodai kuboresha sauti. Ya pili, ambayo ndiyo nimebaki nayo, ni bodi ndogo ya Arduino Pro Micro. Usikubali kuuziwa Uno kwa kazi hii. Chipu ya Pro Micro, ATmega32U4, inaweza kujitambulisha kwa kompyuta moja kwa moja kama joistiki ya USB. Chipu kuu ya Uno haina uwezo huo. Msimbo wake ni mfupi: pima nafasi kati ya mapigo, ipe kila nafasi jina la mhimili, peleka.

Simuleta tuliyoitumia ni HELI-X, inayokubali Windows, Mac na Linux. Tukaiwasha nyumbani Kangemi, mpwa wangu akakaa mbele, helikopta ikasimama kwenye nyasi za skrini. Akainua kijiti cha kushoto taratibu kama nilivyomwelekeza. Helikopta ikalala ubavu na kujipigiza chini. Akaanza tena, kwa uangalifu zaidi, na matokeo yakawa yale yale. Baada ya muda aliishusha rimoti mezani na kusema kwa sauti ya chini, "Mjomba, mimi sina mkono wa hii kitu."

Maneno hayo yalinichoma, kwa sababu niliyajua. Katika chuo nilichosomea ufundi, mita moja ya maabara ilikuwa ikisoma vibaya. Tulipima saketi, tukaandika tulichokiona, tukapata sufuri. Mwalimu alituambia darasa zima kwamba hatukuwa na akili ya umeme. Mwenzetu mmoja aliacha chuo muhula ule, kijana ambaye hadi leo naamini angekuwa fundi bora kuliko mimi. Baadaye mita ilifunguliwa, ikaonekana betri yake ilikuwa imevuja na kuila bodi. Hakuna aliyemfuata yule kijana kumwambia.

Kwa hiyo sikumwambia mpwa wangu ajaribu tena. Nilimwambia tuifunge helikopta, tusiiangalie kabisa, tufungue ukurasa wa mistari.

Kila simuleta nzuri ina ukurasa huo, na FS-i6 yenyewe inao kwenye menyu yake: mistari sita, mmoja kwa kila chaneli, inayosogea kadiri unavyosogeza vijiti. Ni ukurasa usiopendeza na hauna helikopta ndani yake, lakini kwangu ndio ukurasa wenye thamani kuliko yote. Tulikubaliana kwamba atasukuma kijiti kimoja tu kwa wakati, upande mmoja tu, na tutahesabu mistari inayosogea. Akainua kijiti cha kushoto. Ikasogea minne: ule wa nguvu ya injini, na pamoja nao wa kwanza, wa pili na wa sita. Akasukuma kijiti cha kulia mbele. Ile ile mitatu ikasogea tena, mmoja ukienda kinyume cha wenzake. Kijiti kimoja, mistari mitatu. Hapo mkono wa mtoto haukuwa na hatia yoyote.

Sababu yake inaeleweka ukiijua helikopta. Chini ya mapanga kuna sahani inayozunguka mhimili, nayo ndiyo inayobadilisha pembe ya mapanga. Katika helikopta nyingi ndogo, sahani hiyo hushikiliwa na sevo tatu, yaani mota ndogo za kuisogeza, zilizopangwa kwa nyuzi 120. Ukitaka kupaa, sevo zote tatu huinua sahani sawasawa na mapanga yote hupata pembe kubwa zaidi. Ukitaka kwenda mbele, sahani huinama mbele. Ukitaka kulia, huinama kulia. Maana yake ni kwamba amri moja ya kidole lazima igawanywe kwa sevo tatu kwa vipimo tofauti, na kwenye helikopta ya kweli kazi hiyo ya kugawanya inaweza kufanywa na rimoti. Mhandisi wa Lavington alikuwa ameipanga rimoti yake hivyo, na kwa helikopta yake ilikuwa sahihi kabisa. Lakini simuleta ina helikopta yake ndani, yenye sahani yake na sevo zake, na inafanya mgawanyo huo yenyewe. Inachokitaka kutoka kwenye rimoti ni vijiti vitupu: huyu anataka kupaa, huyu anataka kulia, basi. Ikipokea amri iliyokwisha kugawanywa, huigawanya tena, na kinachotoka hakifanani na kilichoingia. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza huwashangaza watu: kwa simuleta ya helikopta, iambie rimoti kwamba unarusha ndege ya kawaida. FS-i6 ina nafasi 20 za kuhifadhi mipangilio, hivyo hatukuhitaji kufuta ile ya mhandisi. Tulichagua nafasi iliyokuwa wazi, tukaweka aina ya ndege, tukahakikisha hakuna mchanganyo wowote wa chaneli, hakuna iliyogeuzwa kinyume, miisho yote ya mwendo ni asilimia 100, na trimu zote, yaani virekebishi vidogo vya vijiti, ziko katikati. Chaneli ya tano tukaifunga kwenye swichi ya hatua tatu na ya sita kwenye swichi nyingine, kwa sababu tutazihitaji. Halafu kuna jambo dogo ambalo limewapotezea wengi jioni nzima: kwenye rimoti hii, ukimaliza kubadilisha kitu, hubonyezi OK kuhifadhi. Unabonyeza CANCEL na kuishikilia. Ukiibonyeza haraka, kazi yako yote inapotea kimyakimya, na utakaporudi utadhani uliota.

Tuliporudi kwenye mistari, kila kijiti kilisogeza mstari wake mmoja. Mpwa wangu alivisukuma vyote, akirudia, akinyamaza. Kisha akasema, "Kwa hivyo si mimi." Nilimwambia hapana, si wewe.

Kuanzia hapo kazi ni fupi, mradi mfuatano wake usivurugwe. Kwanza majina: chaneli ipi ni ya kulala kushoto na kulia, ipi ya mbele na nyuma, ipi ya kupaa, ipi ya mkia. Pili kalibresheni: vijiti katikati, kisha vizungushwe hadi pembe zote bila kukandamiza. Trimu zikiwa zimeguswa kabla ya hapo, kompyuta itajifunza katikati ya uongo. Tatu mwelekeo, na hapa kuna kanuni moja inayomaliza ubishi: tazama pua, usitazame mkia. Ukisukuma kijiti cha kushoto kwenda kulia, pua ya helikopta igeuke kulia. Mkia utaenda kushoto, na anayeutazama mkia atageuza chaneli iliyokuwa sahihi. Ukisukuma kijiti cha kulia mbele, pua iiname. Kama kuna kitu kimekwenda kinyume, kigeuze ndani ya simuleta, wala usikiguse kwenye rimoti. Vivyo hivyo kwa ule mpangilio wa kulegeza mwendo wa kijiti karibu na katikati: uweke sehemu moja. Nimekuta rimoti iliyolegezwa na simuleta iliyolegezwa tena, na mwanafunzi akilalamika kwamba helikopta haimsikii mpaka ghafla inamsikia kupita kiasi.

Kijiti cha kushoto kinahitaji maelezo zaidi, maana wengi hukiita cha mafuta na kukifikiria hivyo. Kwenye helikopta ya aina hii, mapanga yanatakiwa yazunguke kwa kasi ileile karibu wakati wote. Kinachobadilika ni pembe yake. Swichi ya hatua tatu huchagua hali. Katika hali ya kuanzia, injini huanza pole, na kijiti kikiwa chini kabisa mapanga hutulia. Katika hali ya pili, injini haishuki tena, na kijiti kikiwa katikati mapanga hayana pembe, kikishuka chini ya katikati yana pembe ya kinyume na yanaisukuma helikopta chini kwa nguvu. Mwanafunzi aliyezoea hali ya kwanza akihamia ya pili bila kuambiwa, atashusha kijiti hadi mwisho ili atue, na helikopta itapigwa chini. Swichi nyingine hukata injini na kuacha pembe ya mapanga mkononi mwako, ili ujifunze kutua bila nguvu kwa kutumia mzunguko uliobaki. Rimoti nayo ina ulinzi wake: FS-i6 hukataa kuanza mpaka swichi zote ziwe juu na kijiti cha nguvu kiwe chini. Vijana huona ni usumbufu. Mimi huwaambia waizoee iwe sala ya kuanzia.

Huu mtindo wa kujifunzia chini kabla ya kupanda juu una asili ninayoipenda sana. Edwin Link alikuwa mtoto wa mtengenezaji wa vinanda na ogani huko Binghamton, jimbo la New York. Mwaka 1929 aliunda chumba kidogo cha rubani kilichoinama na kugeuka kwa nguvu ya mifuko ya hewa, ile ile inayotumika ndani ya ogani. Mwanzoni jeshi halikukijali sana. Mwaka 1934 marubani wa jeshi la Marekani walipewa kazi ya kubeba barua, wakawa wanakufa kwenye mawingu na giza, na mwaka huo huo jeshi likanunua mashine sita za Link. Katika Vita vya Pili vya Dunia marubani wengi sana walianzia ndani ya mashine hizo. Naye Igor Sikorsky, alipoiinua helikopta yake ya VS-300 mara ya kwanza tarehe 14 Septemba 1939, aliiinua ikiwa imefungwa kwa kamba. Haikuruka huru hadi Mei 1940. Watu hawa walijua walichokuwa wakikitafuta, na bado hawakuona aibu ya kukaa karibu na ardhi.

Mazoezi yenyewe yalianza na kuelea tu, mkia ukiwa umetuelekea. Hakuna kwenda popote. Ukishaweza kuiweka helikopta juu ya alama moja, igeuze ubavu, halafu ubavu wa pili, na mwisho kabisa pua ielekee kwako. Hapo pua inapokutazama, kulia kwake ni kushoto kwako na akili hukataa. Kuna ufundi mmoja mdogo wa kusaidia: helikopta ikiwa inakutazama na upande mmoja umeanza kushuka, sukuma kijiti kuelekea upande ule unaoshuka, kana kwamba unauegemeza usianguke. Baada ya muda vidole havihitaji tena kuambiwa.

Jirani yetu ana binti aliyejiunga nasi jioni za Jumamosi, na yeye ndiye aliyelithibitisha somo la mistari kuliko sisi sote. Alikuwa ameshaweza kuelea vizuri, kisha siku moja mkia ukaanza kumponyoka, mara kushoto, mara unatulia. Wenzake walimwambia amechoka. Yeye hakubishana. Aliiondoa helikopta, akafungua mistari, akaviacha vijiti bila kuvigusa, akatazama. Mstari wa nne ulikuwa ukitetemeka peke yake. Potenshiometa iliyo chini ya kijiti cha kushoto ilikuwa imeingia vumbi. Nilifungua rimoti, nikapuliza dawa ya kusafishia swichi, nikakizungusha kijiti mara nyingi, mstari ukatulia, na mkia ukatulia. Hakuna nilichomfundisha siku ile. Alijua tayari kwamba kosa la mkono na kosa la mashine hufanana kwenye skrini, na kwamba kuna mahali pa kuyatenganisha kabla hujamhukumu mtu.

Nairobi ina mambo yake pia. Tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na katika mwinuko huo hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 15, ukiacha habari ya joto. Mapanga yale yale, kwa kasi ile ile na pembe ile ile, hubeba uzito mdogo zaidi hapa. Video nyingi ambazo vijana hutazama zimepigwa nchi za tambarare, na helikopta iliyorukaruka kule kwa wepesi itaonekana nzito uwanjani Kabete. Stima nayo hupotea katikati ya somo. Laptopu yenye betri nzima si anasa mtaani kwetu.

Na kuna sababu mbili zaidi za kutoharakisha kutoka kwenye simuleta. Moja ni sheria. Kanuni za mwaka 2020 za vyombo vya angani visivyo na rubani ziliipa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya jukumu la kusajili vyombo hivyo na kutoa vibali. Anga ya huku kwetu, magharibi mwa jiji, iko karibu na Wilson na karibu na Ikulu. Si pahali pa kujaribia. Anayetaka kurusha kitu cha kweli aende kwanza kwa mamlaka, aulize, aandikiwe. Simuleta haihitaji kibali cha mtu.

Sababu ya pili ni damu. Mapanga ya helikopta kubwa ya rimoti huzunguka karibu mara 2,000 kwa dakika. Mwezi Septemba 2013, katika bustani moja ya Brooklyn, New York, kijana wa miaka 19 aliyekuwa na uzoefu wa kurusha aliuawa na helikopta yake mwenyewe. Huwa nawasimulia wanafunzi wangu kisa hicho mara moja tu, mwanzoni, na sikipambi. Rimoti inayosogeza mistari mitatu kwa kidole kimoja ni jambo la kusikitisha mbele ya skrini. Uwanjani ni jambo la kuua.

Masomo haya yanaweza kufanyika shuleni pia. Shule ya Mang'u, kule karibu na Thika, imejulikana kwa miaka mingi kwa kufundisha teknolojia ya ndege. Ni shule chache sana zilizowahi kuwa na nafasi hiyo, na sababu inayotajwa kila mara ni gharama. Lakini rimoti ya mtumba, plagi ya S-video, bodi moja ndogo na kompyuta ambayo shule nyingi tayari zinayo havigharimu hata sehemu ndogo ya injini ya ndege. Mwanafunzi anayeijua ile sahani ya sevo tatu, anayejua kwa nini mapanga hubadilisha pembe, na aliyewahi kutua bila nguvu mara nyingi kwenye skrini, atakapofika Wilson hatakuwa mgeni.

Basi wewe unayeishi Lavington, Kileleshwa, Karen au popote penye kabati lenye rimoti isiyoguswa tangu helikopta yake ivunjike, ipeleke shule iliyo karibu nawe. Usingoje upate na waya wake. Fundi wa Luthuli ataunda. Na wewe mwalimu utakayeipokea, fungua ukurasa wa mistari kabla ya kumkabidhi mtoto yeyote, sogeza kijiti kimoja, uhesabu.